Miguu haitulii, mate yanatoka, mwili unanenepa: miaka 10 kwenye dawa za akili, naomba tuongee wazi

Salaam wakuu,

Mi ni fundi cherehani, nipo Dar upande wa Temeke, nina miaka 36 na dawa za ugonjwa wa akili nilianza kumeza 2014 nikiwa na 26. Sijawahi kuliandika hili jambo popote, mtaani wanaojua ni watu wa nyumbani na majirani wawili watatu walioniona siku ile. Ila wiki iliyopita nilikuwa kliniki kuchukua dawa nikaona kijana wa kama miaka 20 anatembea kwenye baraza, anaenda mpaka mwisho anageuka, anaenda anageuka, akikaa kwenye benchi hata dakika haiishi kashanyanyuka, na akisimama anahamisha uzito mguu huu mguu ule kama mtu aliyekanyaga mchanga wa jua kali. Mama yake analia anawaambia watu pale huyu kaanza tena, wiki nzima halali anazunguka uani, leo namwambia daktari amuongezee dawa.

Wakuu nilisikia mwili unasisimka, maana yule kijana ni mimi wa 2015 kabisa. Nikamfuata yule mama nikamwamkia, nikamwambia mama samahani, akiingia kwa daktari usiseme kaanza tena, sema miguu yake haikubali kukaa, na sema imeanza lini, kabla au baada ya dawa. Aliniangalia sana. Ndo nikarudi nyumbani nikaamua kuandika huu uzi, utakuwa mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mwaka ule 2014 nilianza kusikia sauti, mwanzo ilikuwa kama watu wanaongea nyumba ya pili, baadae zikawa zinanitaja jina, zinanisema kazi zangu, baadae nikaamini kwamba wateja wanaleta vitambaa vyenye kitu ndani. Nikakata kata sare za watoto wa watu, na ilikuwa Januari, mafundi wenzangu mnaijua Januari ilivyo. Sitaelezea sana huko maana uzi sio wa ugonjwa, ni wa dawa. Nilipelekwa kwanza kwa mtaalamu wa kienyeji, baadae kwa shehe nikasomewa, baadae ndo hospitali. Nikachomwa sindano za haloperidoli, nikalala nadhani siku mbili nzima, na ukweli lazima niuseme hapa mwanzoni kabisa, sauti zilipungua. Ndani ya wiki chache zikawa mbali, baadae zikanyamaza. Kwahiyo mtu asije akasoma huu uzi akasema jamaa anapinga dawa. Dawa zimenirudisha kwa mke wangu na kwenye cherehani yangu. Ila zimenifanyia na mengine, na hayo mengine hakuna aliyeniambia kabla.

Siku ya tatu pale wodini shingo yangu ikaanza kuvuta upande wa kushoto, taratibu, nikawa naishika kwa mkono nairudisha inaenda tena. Halafu macho yakapanda juu, yani nataka kuangalia chini siwezi, naona dari tu, na ulimi ukawa mzito unataka kutoka nje. Mama yangu alipoingia muda wa kuona wagonjwa akanikuta hivyo akapiga ukelele, akasema jini limepanda, akaanza kunisomea Ayatul Kursiy pale pale. Na mi namsikia, akili yangu iko pale, nataka kumwambia mama mi mzima ila mdomo haufunguki vizuri. Akaja sista mmoja akaangalia mara moja tu akasema hii ni dawa, akaleta sindano nyingine, na haikupita nusu saa shingo ikalegea macho yakashuka. Mama mpaka leo anasema ni dua ndo ilifanya kazi na sijawahi kumbishia, ila nyie wenye wagonjwa jueni kwamba hiyo ni misuli inakazwa na dawa, inawapata zaidi vijana wa kiume na mara nyingi siku chache za mwanzo au dozi ikipandishwa, na ina dawa yake. Ikikaza koo mtu akashindwa kumeza au kupumua hiyo ni ya kukimbiza hospitali, sio ya kusubiri asubuhi.

Nikaruhusiwa na haloperidoli mg 5 asubuhi na jioni, pamoja na vile vidonge vyeupe vya Artane vya kulegeza mwili. Artane nazo zina mambo yake nitakuja huko.

Sasa sikilizeni hili la miguu, maana ndo limenifanya niandike.

Kama wiki mbili tatu baada ya kurudi nyumbani nikaanza kusikia kitu ndani ya mapaja. Sio maumivu, sio ganzi, sio kuwashwa. Ni kama kuna mtu amekaa ndani ya mguu anakusukuma nyanyuka nyanyuka. Nikikaa kwenye cherehani, na yangu ni ile ya kukanyaga kwa miguu, naunga mshono mmoja nanyanyuka, nazunguka meza, nakaa, nanyanyuka. Msikitini nikawa siwezi kukaa tahiyatu, natoka kabla ya salamu watu wananiangalia. Usiku mke wangu analala mi natembea uani mpaka adhana ya alfajiri, nikichoka kutembea nalala, nikilala dakika mbili ile hali inanirudisha juu. Na moyoni kuna wasiwasi ambao haujaambatana na jambo lolote, yani hauogopi kitu, unaogopa tu. Sauti hazikuwepo, mawazo ya vitambaa hayakuwepo, nilikuwa najua kabisa mi nani na leo siku gani. Ila nje naonekana vipi? Naonekana mwehu kuliko siku niliyopelekwa hospitali.

Watu wa nyumbani wakasema kaanza tena. Wakanirudisha, kaka yangu ndo aliongea kwa daktari, mi sikuulizwa na hata ningeulizwa nisingejua niseme nini maana nilikuwa sina neno la kuita ile hali. Ikaandikwa hatulii, halali, anazurura. Dozi ikapandishwa, mg 10 asubuhi na mg 10 jioni. Na ile hali ikazidi mara mbili. Wakuu kuna usiku mwezi ule wa Mei 2015 nilikaa na mkasi wangu wa kukatia mkononi nikawaza bora kufa kuliko kuwa ndani ya hii miguu, na sikuwa na huzuni, nilikuwa nataka tu kutulia. Mke wangu aliamka akaunyang'anya. Naliandika hili kwa sababu nimekuja kujifunza kwamba hiyo hali inajulikana kusukuma watu mpaka huko, na mtu akikwambia hivyo usimwambie omba Mungu ulale, ondoa vitu vya hatari karibu yake, usimuache peke yake, na mpeleke hospitali usiku huo huo.

Aliyeniokoa ni nesi wa makamo kwenye kliniki nyingine tuliyoenda kwa sababu ya kwanza ilikuwa foleni ndefu. Aliniangalia natembea kwenye korido, akaniita, hakumuuliza kaka, aliniuliza mimi: mwanangu, unatembea kwa sababu kuna mahali unataka kwenda, kuna mtu anakutuma, au ni miguu tu haikubali kukaa? Nikalia. Nikamwambia ni miguu. Akasema hiyo ina jina, inaitwa akathisia, na inaletwa na dawa, twende kwa daktari. Dozi ikashushwa kidogo kidogo mpaka mg 5 usiku tu, nikapewa na propranololi, hii hii wanayopewa watu wa presha na mapigo ya moyo, na baada ya siku nne tano nikakaa kwenye cherehani nikashona shati zima bila kunyanyuka. Shati la mteja wa Mtoni, la mikono mirefu, nalikumbuka mpaka rangi.

Kwanini dozi kubwa iliniharibia? Nilielezwa hivi na nimeendelea kusoma. Hizi dawa zinaziba milango ya kitu kinaitwa dopamini kwenye ubongo. Dopamini ikizidi sehemu moja ndo mtu anaona maana kwenye vitu visivyo na maana, kama mi na vitambaa. Ila dopamini hiyo hiyo sehemu nyingine ya ubongo ndo inaendesha misuli, na sehemu nyingine inazuia maziwa ya mama yasitoke hovyo. Dawa haichagui, inaziba kote. Watafiti waliopiga picha za ubongo waliona kwamba dawa inafanya kazi milango ikizibwa kama 65% hivi, na ikishapita kama 78% ndo mwili unaanza kukaza na kukosa utulivu. Nafasi ya katikati ni ndogo, yani kama mshono wa pembeni tu, ukizidisha nguo inabana. Kwahiyo mtu ambaye kishapona sauti ukimuongezea dozi juu ya dozi mara nyingi humuongezei uponyaji, unamuongezea madhara. Kila mwili na kiasi chake, sio kwamba nawapangia watu dozi hapa, nawaambia sababu.

Naenda sala nitarudi.

MREJESHO

Nimerudi, nashukuru kwa waliochangia, na wale walionitumia PM nitawajibu mmoja mmoja.

Mdau mmoja kaandika kwamba hizi ni sumu za wazungu achana nazo tumia mitishamba na maombi. Ndugu yangu nakujibu kwa heshima kwa sababu hata mimi nilishawaza hivyo na nilishafanya. 2017 niliacha. Sikumwambia mtu, nikawa naweka kidonge chini ya ulimi naenda kukitema chooni. Mwezi wa kwanza nilikuwa najisikia vizuri kuliko siku zote, mwili mwepesi, akili imeamka, hamu ya ndoa imerudi, nikasema nilikuwa nadanganywa. Mwezi wa nne sauti zikarudi na safari hii zilirudi na nguvu, nikafunga ofisi, nikatoka Dar kwa miguu nikaja kuokotwa Kibaha. Nilipoteza cherehani moja ya ovaloki na wateja wa miaka mitano. Kuna utafiti uliofuata wagonjwa waliougua mara ya kwanza kwa miaka 5, wakakuta walioacha dawa hatari ya kurudiwa ilikuwa karibu mara 5 ya walioendelea. Na ile hali nzuri ya mwezi wa kwanza ndo inayodanganya wengi, maana madhara yanatoka haraka na ugonjwa unachelewa kurudi, unaona kama umeshinda.

Halafu kuhusu kabla ya hizi dawa. Dawa ya kwanza kabisa ni klopromazini, wengi mnaijua kwa jina la Largactil, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili Paris hospitali ya Sainte-Anne mwaka 1952, na iligunduliwa wakitafuta dawa ya kutuliza watu kabla ya upasuaji. Haloperidoli ikaja 1958 kutoka Ubelgiji. Kabla ya hapo ilikuwa nini? Kufungwa na kufungiwa. Mirembe pale Dodoma ipo tangu 1927, kwahiyo ilikaa robo karne ikipokea watu bila dawa hata moja ya aina hii. Na hadi leo kuna ndugu zetu wamefungwa minyororo nyuma ya nyumba na kwenye makambi ya maombi. Maombi mi naomba, kila siku. Ila mnyororo siutaki.

Hata hivyo mdau una jambo moja la haki, watu hawaachi dawa kwa ujinga. Wanaacha kwa sababu wanateseka na hakuna anayewasikiliza. Mgonjwa akisema dawa inanisumbua jibu analopata ni meza dawa. Ningeulizwa 2016 unasumbuliwa na nini nisingetema vidonge 2017.

Sasa Artane. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka na mwili umekakamaa, natembea bila kuchezesha mikono, uso umekauka mpaka wateja wananiuliza fundi umenuna? Hiyo ni dawa inaleta hali kama ya ugonjwa wa Parkinson wa wazee. Kutunga uzi kwenye sindano ilikuwa dakika kumi. Artane inatuliza mkono, ila inakausha mdomo, inafunga choo, na inafanya macho yasione karibu. Kwahiyo bila Artane mkono unatetemeka tundu la sindano naliona, na Artane mkono umetulia tundu silioni. Nilikuwa namuita mtoto wa jirani anitungie uzi kumi kumi asubuhi kabla hajaenda shule. Ukiona unaihitaji Artane nyingi muda wote mwambie daktari, kuna muda suluhisho ni kupunguza dozi ya dawa kubwa au kubadilisha, sio kuongeza dawa ya kutibu dawa. Na msiziache ovyo ndani, vijana wanazitafuta kwa ajili ya kulewa, na mzee akizila nyingi anachanganyikiwa kabisa.

Baada ya 2017 nikawekwa kwenye sindano ya mwezi, flufenazini mg 25. Kwa mtu anayesahau vidonge au anayevitema kama nilivyokuwa mimi inasaidia kwa kweli. Mi ilikuwa siku chache za mwanzo baada ya kuchomwa nakaza, nikawa napanga kazi za kukata vitambaa kabla ya sindano na kazi nyepesi kama vifungo na pindo baada yake. Ubaya wake ikikuletea madhara huwezi kuitoa, imeshaingia, unasubiri iishe.

2019 nikahamishiwa olanzapini. Mwili ulilegea, mtetemeko ukaisha, uso ukarudi, mke wangu akasema umecheka leo, nilikuwa sijui kama nilikuwa sicheki. Ila njaa. Hii sio njaa ya kawaida wakuu, unakula ubwabwa sahani umejaa mpaka shingoni na bado mkono unaenda kwenye sufuria. Nilikuwa naamka saa nane usiku nakula ugali wa jana na sukari. Kutoka kilo 61 nikafika 84 ndani ya mwaka, suruali zangu zote nikazifumua mwenyewe. Sukari ikapimwa ikawa imeanza kupanda. Olanzapini na klozapini ndo zinaongoza kwa kunenepesha, kwahiyo mtu akianzishwa apimwe uzito, kiuno, presha na sukari mwanzoni kabisa na baadae tena, usisubiri kitambi. Mimi daktari aliniwekea metfomini, ile ya wenye kisukari, mke akaacha kuniwekea chakula kwenye sufuria mezani, ananipakulia sahani moja anafunika jikoni, chai nikaacha sukari, na ofisini naenda kwa miguu. Sa hivi nina kilo 73. Haikushuka haraka na wala haijarudi 61, na nimekubali.

MREJESHO WA PILI

Dada aliyeuliza kuhusu mdogo wake. Kwamba anatumia risperidoni, hedhi imekata miezi mitatu, maziwa yanatoka kwenye matiti, na shangazi zake wameshaanza kikao kwamba ana mimba na kuna kijana anatafutwa. Dada kwanza mwambie mdogo wako hana kosa. Mpimeni mimba kwa sababu daktari ataulizia na ili shangazi wanyamaze. Ikiwa hana, kuna homoni inaitwa prolaktini, ndo ya kutengeneza maziwa, dopamini ndo ilikuwa inaizuia, dawa ikiziba dopamini prolaktini inapanda, hedhi inakata na maziwa yanatoka hata kwa msichana asiyezaa. Risperidoni na haloperidoli zinajulikana kwa hilo. Inapimwa kwenye damu. Zipo dawa zisizopandisha sana kama kwetiapini na aripiprazoli, sio kila hospitali inazo na bei yake kwenye maduka ni juu, ila ulizeni. Na akipunguziwa au akibadilishiwa hedhi inaweza kurudi na mimba inaweza kuingia, hilo aambiwe mapema.

Na kwa wanaume kwa sababu najua mmeona aibu kuuliza. Homoni hiyo hiyo ikipanda kwa mwanaume hamu inaondoka, nguvu zinapungua, wengine matiti yanavimba. Mimi nilikaa karibu miaka miwili mke wangu anadhani nimepata mwanamke nje. Alikuwa analia chumbani mi najifanya nimelala, maana nilikuwa naona heri anidhanie mhuni kuliko kujua siwezi. Siku nilipomwambia ni dawa alinyamaza muda mrefu akasema kwanini hukuniambia, ningekuwa nakuja na wewe kliniki. Na alikuja kweli, yeye ndo alimwambia daktari, mi nikiwa naangalia chini. Mwambieni wake zenu. Na msinunue vile vidonge vya nguvu vya mtaani mkachanganya humu, pitia kwa daktari.

Mwingine kauliza baba yake wa miaka 68, kakaa na sindano miaka mingi, sasa anatafuna tafuna mdomo mtupu, ulimi unatoka unaingia kama kinyonga na vidole vinacheza. Kaka hiyo pole sana. Ni madhara ya kuchelewa, yanakuja baada ya miezi au miaka, na wazee wanapata kirahisi zaidi. Kwa zile dawa za zamani inakadiriwa kama watu 5 kati ya 100 wanaipata kila mwaka wa matumizi, na kwa wazee ni zaidi ya hapo. Artane haiisaidii hiyo, inaweza hata kuizidisha, kwahiyo msimuongezee. Msimkatishe sindano ghafla pia maana inaweza kuchachamaa. Aonwe na daktari wa akili mwenyewe, sio dirisha la dawa tu, achunguzwe mdomo na vidole, waangalie kama dozi inaweza kushuka taratibu au dawa ibadilishwe. Huko Marekani zimetoka dawa maalum za tatizo hilo tangu 2017 ila huku kuzipata ni kazi. Ikigundulika mapema kuna nafasi ya kupungua, ndo maana nasema angalieni ndimi za wagonjwa wenu mara kwa mara, mwambie afungue mdomo akae umtazame.

Dereva boda uliyeuliza kuhusu usingizi wa asubuhi: usiendeshe kama dawa bado iko kichwani. Muombe daktari dozi iwe usiku mapema, mi nameza saa mbili usiku badala ya saa nne na asubuhi naamka mwepesi. Na ukinyanyuka kitandani kaa kwanza, presha inashuka ukisimama ghafla, nilishaanguka bafuni. Jua la Dar pia, Largactil inafanya ngozi iungue haraka, na dawa hizi hasa pamoja na Artane zinapunguza jasho, mwili unapata joto bila kupoa. Maji na kofia.

Ramadhani: kidonge cha usiku nameza baada ya futari, hakijawahi kunisumbua funga. Anayemeza mara mbili aongee na daktari kabla ya mwezi kuandama, sio tarehe 3 ya mfungo. Wa lithiamu, ile dawa nyingine ya akili ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, nyie msijaribu bila kuuliza, mwili ukikauka maji dawa inapanda kwenye damu inakuwa sumu.

Sigara, hili wengi hawalijui na mi nililiona kwa rafiki yangu wa kliniki. Moshi wa sigara unafanya ini liichome olanzapini na klozapini haraka, kwahiyo mvutaji dawa inamuishia upesi. Alipoacha kuvuta ghafla dozi ile ile ikawa kubwa kwake, akawa analala mchana kutwa na mate yanamtoka. Kuacha ni jambo jema kabisa ila daktari ajue siku unayoacha.

Na haya mawili usiyasubirie mrejesho wa mtu yeyote humu. Homa kali na mwili mgumu kama gogo na jasho na kuchanganyikiwa kwa pamoja, ni dharura, watu wanakufa, dawa isimamishwe na aende hospitali saa hiyo. Na anayetumia klozapini akipata homa au koo kuuma apimwe damu siku hiyo, maana dawa hiyo inaweza kumaliza chembe nyeupe za damu zinazopigana na maradhi, ndo sababu wanapimwa damu kila wiki mwanzoni. Mwaka 1975 iliua watu Finland kwa namna hiyo ikatolewa sokoni nchi nyingi, ikarudi baadae kwa sharti la kupima, na ilirudishwa kwa sababu kuna wagonjwa hakuna nyingine inayowasaidia.

MREJESHO WA TATU

Kuna mdau ameuliza nilivyo sasa. Nameza olanzapini mg 5 usiku, tulishuka kutoka 15 kwa miaka miwili, robo robo, na daktari anajua kila hatua, tulijaribu 2.5 nikaanza kusikia jina langu kwenye feni tukarudi 5. Uzi natunga mwenyewe. Nina daftari dogo la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma naandika ya mwili wangu: usingizi saa ngapi, mkono umetetemeka au la, choo, uzito kila Ijumaa. Siku ya kliniki nalifungua mbele ya daktari nasoma, maana ukiingia pale na foleni ya watu 60 nje unasahau yote unasema naendelea vizuri. Tangu nianze kusoma daftari sijawahi kujibiwa meza dawa tu.

Wewe uliyeandika saa tano usiku huu kwamba kaka yako ametoka hospitali wiki mbili zilizopita na anazunguka sebuleni sasa hivi unapoandika, na mnajadiliana kumfunga kamba mpaka asubuhi. Msimfunge. Kaa naye, wengine wote watoke chumbani, mwache atembee kama anataka kutembea, toa visu. Muulize kwa upole lile swali, ni miguu au kuna kinachomtuma, na muulize kama anawaza kujidhuru, ukiuliza humtilii wazo hilo kichwani. Akisema ndio, au ukiona hamuwezi kumtuliza, ondokeni hospitali sasa hivi na vidonge vyote mkononi. Akisema ni miguu tu, asubuhi mapema mrudishe pale pale alipopewa dawa, na yeye ndo aongee kwanza. Niko macho, njoo uniambie kakujibu nini.